Elizabeth Bennet hakuwa na ghorofa

Nianze kwa kusema mimi si mtu wa vitabu kiivo. Nashika hesabu za gesti moja huko Shela, kisiwani Lamu, kazi yenyewe ni risiti, mafuta ya jenereta, pesa za mtu wa samaki, na wageni wanaotoka alfajiri kuwahi ndege Manda wakaacha vitu nyuma, miwani, ndara, krimu za jua na vitabu. Kitabu kikikaa miezi mitatu mwenyewe hajakiulizia mi hukitia kwenye mkoba, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza. Ndo hivo nikakutana na Elizabeth Bennet, wa Pride and Prejudice ya Jane Austen. Najua kuna wenzangu mlimsoma zamani mkamaliza naye, mimi nimemsoma mwaka jana nikiwa na miaka 31, kurasa tano kwenye boti ya kwenda na tano za kurudi, dikshonari kwenye simu na maji ya bahari yakinirukia.

Sasa nyumbani Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, naishi na bibi yangu mzaa mama. Macho yake hayaoni vizuri tena na redio imemchosha, anasema siku hizi wanaongea wote pamoja kama wako kwenye mnada. Kwa hivo usiku, haswa stima ikipotea, anataka hadithi. Zangu za gesti zilikuwa zimekwisha, nikasema wacha nimhadithie hii.

Nikaanza. Bibi, kuna mzee mmoja Uingereza ana mabinti watano, hana mtoto wa kiume, na ile nyumba na shamba wanalokula, siku akifa vyote vinaenda kwa jamaa yao mwanamume wa mbali.

"Yenda kwa nani?"

Kwa jamaa. Jina lake Collins.

"Na hao wana wa kike?"

Wanatoka.

Bibi akanyamaza kitambo, nasikia tu kipepeo chake cha ukili kinavuma gizani, halafu akauliza, "Kwani huko hakuna kadhi?"

Nilicheka mpaka nikakohoa na yeye akakasirika, "wateka nini?", kwa sababu hakuwa anafanya mzaha. Ikabidi nimweleze kwamba si dini yao iliyosema hivo, ni sharti walilolitia wazee kwenye ile mali zamani ili shamba lisikatwe vipande, lishuke kwa wanaume peke yake, na huyo baba hata akitaka hawezi kulivunja. Bibi akasema basi tupige hesabu sisi. Na mi hesabu ndo kazi yangu, nikawasha tochi ya simu nikachukua karatasi.

Shamba la mzee Bennet laingiza paundi 2,000 kwa mwaka, imeandikwa wazi kitabuni. Kwa mirathi yetu sisi, mabinti wakiwa wawili na zaidi na hakuna ndugu wa kiume wanachukua thuluthi mbili, mke anachukua thumni, yaani moja ya nane, kinachobaki ndo cha asaba, yaani huyo Collins kama kweli ni wa upande wa baba. Ukigawa mafungu 24, mabinti 16, mama yao 3, Collins 5. Kila binti angekuwa na paundi 266 na chenji kwa mwaka, mama 250, na Collins angeondoka na 416 zake akaenda na salama. Halafu nikamweleza bibi kile alichokuwa anatarajia Elizabeth. Paundi elfu moja, tena mpaka mama yake afe kwanza, zilizowekwa kwa faida ya asilimia nne. Arobaini kwa mwaka. Na mtu aliyemtajia hizo hesabu usoni ni Collins mwenyewe, siku aliyokuja kumposa, kwenye maneno yale yale ya posa! Ati mimi sitakulaumu kwa umasikini wako.

Bibi akasema, "Huyo hana adabu. Mpe, lakini hana adabu."

Nilishtuka. Nikamwambia bibi, hakupewa, msichana alikataa. Alikataa palepale, na Collins hakuamini, akadhani ni zile haya za wanawali za kukataa mara ya kwanza ili wabembelezwe, ikabidi akataliwe mara kadhaa. Mama mtu akapagawa akamkimbilia mume amlazimishe mtoto. Baba naye akamwita binti yake akamwambia una mtihani mgumu, usipoolewa na huyu mama yako hatakutazama tena, na ukiolewa naye mimi ndo sitakutazama. Hapo ndo pale watu wote wanapompenda huyo baba. Mi pia nilimpenda. Bibi hakumpenda hata kidogo, alisema baba wa mabinti watano asiyeweka akiba miaka yote ile halafu anakaa anafanya utani ni mtu wa kuchapwa, na mwenye akili peke yake kwenye nyumba ile ni mama, kelele zake zote ni kelele za mtu anayeona mvua inakuja na paa halina makuti.

Na kusema kweli nilirudi nikasoma upya nikaona ana hoja, kwa sababu imeandikwa kabisa kwamba mzee hakuweka kitu, alikuwa akingoja azaliwe mtoto wa kiume mambo yajiseti.

Sasa nieleze kwa nini posa ile ilinigusa mimi binafsi, maana ndo sababu ya kuandika haya yote.

Nikiwa na miaka 26 niliposwa na mtoto wa ami yangu. Hakuwa na ubaya. Ana kazi, anasali, hatafuni miraa, mama yake ni mtu wa watu. Ila nilikuwa nikikaa naye chumba kimoja naona dakika zinatembea kwa magoti, na kila nikisema kitu yeye hukisema tena kwa sauti kubwa zaidi kama vile kimetoka kwake. Nikakataa. Kwetu hapa Lamu kukataa mtoto wa ami si kumkataa mtu mmoja, ni kumkataa ami, na shangazi, na nyanya aliyelala kaburini, na mji ni mdogo, ukitoka na siri Langoni utaikuta imefika Mkomani kabla yako na imeongezwa chumvi. Mama hakunisemesha karibu Ramadhani nzima, alikuwa akiniwekea futari yangu chini ya kawa anaondoka. Kisha siku moja akanitolea Mwana Kupona.

Wa bara huenda hamumjui. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa sheikh wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, wa kumuusia namna ya kuishi na mume. Hapa kwetu mabinti wamelelewa na utenzi ule vizazi kwa vizazi. Anataja radhi tano anazozihitaji mwanamke apate salama, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume, ni hiyo ya tano ndo watu wanaipenda sana ukikataa posa. Mama alinisomea nikiwa naosha vyombo. Nilimjibu kitu ambacho sikirudii hapa.

(Lakini jamani, kando kidogo. Huyo Mwana Kupona mnaotuchapa naye alikuwa mwanamke aliyekaa na kalamu na wino akiwa anaumwa, akatunga beti zaidi ya mia kwa hati za kiarabu, na jina lake likadumu kuliko la wanaume wengi wa zama zake. Mtii wa namna hiyo hata mimi nataka kuwa.)

Basi nilivyofika pale Elizabeth anamkataa Collins nilijiona mimi mtupu. Nilimwambia bibi, unaona, huyu ni mimi, huyu kafanya kama nilivofanya. Nilikuwa najisikia, wallahi, nimekaa kitako pale kwenye mkeka kama mimi ndo nimekiandika kile kitabu.

Bibi akasema, "Wewe ulikataa una ghorofa."

Hivo tu. Akaendelea kujipepea.

Kwa asiyejua mambo ya hapa, nyumba zetu hizi za mawe, za matumbawe na chokaa na boriti, desturi ya zamani ni kwamba baba akiweza binti yake anaolewa akiwa na pa kukaa, anapewa nyumba au anajengewa ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, na mume ndo anayehamia kwa mke. Ukipita kwenye vichochoro ukaona chumba kimepita juu ya njia kutoka nyumba hii mpaka ile, wikio tunaita, mara nyingi ni hadithi ya familia iliyokosa nafasi ya kupanda juu ikavuka upande wa pili. Si wote wanaojaliwa, na siku hizi wengi wanauza kwa wageni halafu wanakwenda kupanga. Ila mimi nilijaliwa. Baba, Mungu amrehemu, aliniachia ghorofa ya juu, vyumba viwili, choo, na sehemu ya dari ukijinyoosha shingo unaona kijisehemu cha bahari. Iko kwa jina langu.

Kwa hivo ukichukua ile ghorofa ukaitoa kwenye hadithi yangu kinabaki nini? Nilikataa posa nikapanda ngazi kumi na nane nikafunga mlango wangu nikalala. Kununiwa nilinuniwa, lakini kwenye godoro langu. Elizabeth alikataa mtu ambaye ndo atakayewatoa ndani ya ile nyumba, yeye na mamake na ndugu zake wanne, baba akikata roho tu. Hakuna aliyemwahidi kwamba Darcy, yule tajiri anayemuoa mwishoni, atatokea. Hilo ndo tunalolisahau kwa sababu tumeshajua mwisho, tunasoma kana kwamba alikuwa anamkataa Collins ili amsubiri mwenye paundi elfu kumi kwa mwaka, na wakati ule Darcy alikuwa ni mtu tu aliyemdharau kwenye dansi akasikia kwa masikio yake. Alikuwa hamngoji mtu. Alikuwa na miaka ishirini na paundi arobaini za baadaye.

Na tena angeolewa pia kile kidogo chake kingekuwa cha mume. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule mwanamke akiolewa pesa zake zahamia mkononi mwa mume labda kuwe na mapatano yaliyoandikwa kabla, wamekuja kurekebisha sheria mwaka 1870 na 1882. Bibi hili lilimchosha kabisa. "Na mahari?" Bibi, hakuna mahari, familia ya mke ndo inaombwa itoe kitu. Akaniambia nirudi kwa Collins, angalau huko alikuwa anaelewa.

Nikatafuta habari za mwandishi mwenyewe, maana nilitaka kujua alitoa wapi hiyo jeuri. Jane Austen alizaliwa 1775, baba yake kasisi. Desemba 1802 alikuwa na miaka 26, kama mimi, akaposwa na kijana anaitwa Harris Bigg-Wither, mrithi wa nyumba kubwa na mali, kaka wa marafiki zake. Akakubali jioni. Akalala, au hakulala, asubuhi akasema samahani siwezi. Miaka miwili na kitu baadaye baba yake akafa, na yeye na mamake na dada yake wakawa watu wa kuhamahama, nyumba za kupanga, kwa ndugu huyu, kwa ndugu yule, mpaka 1809 kaka yake mmoja tajiri akawapa nyumba Chawton. Pride and Prejudice ilitoka 1813, haki zake aliziuza paundi 110 na jina lake halikuwekwa hata kwenye jalada, paliandikwa tu ni ya yule aliyeandika kile cha mwanzo. Kwa hivo yule aliyemwandika Elizabeth alikuwa ameshalipa bei yenyewe, anaijua ni shilingi ngapi. Akafa 1817 akiwa na miaka 41.

1813, bibi nilivyomtajia mwaka huo alisema basi ni siku za Shela. Na ni kweli ni kwenye miaka hiyo hiyo watu wa Lamu walipigana na Mazrui wa Mombasa na watu wa Pate pale Shela wakawashinda, na bahari ilikuwa imekupwa vyombo vya wenzao vimekwama. Mi hupita kwenye mchanga ule kila siku kwenda kazini. Sijui kwa nini ilinifurahisha kujua kwamba mifupa ya vita vile na kitabu kile vina umri mmoja.

Tukaendelea hivo karibu wiki mbili. Kuna sehemu zilipita haraka, dansi zile nilizikata, bibi hataki kusikia nani alicheza na nani. Ila pale Elizabeth anatembea peke yake maili tatu kwenye matope kwenda kumuona dada yake mgonjwa aliitaka mara mbili. Maili tatu ni kama kutoka hapa mjini kwenda Shela halafu ukaendelea mbele kwenye ufuo kitambo kizuri. Akafika sketi ya ndani ina tope inchi sita na wale dada zake Bingley, mwenye nyumba, wakaikazia macho. Bibi akasema buibui lake yeye enzi za usichana lilikuwa likifagia Usita wa Mui wote, ile njia kuu ya mji, na punda wa zama zile walikuwa wengi kuliko watu, kwa hivo habari ya inchi sita asimwambie mtu.

Na Lady Catherine! Dada wa mamake Darcy, mwenye gari la farasi, anayekuja kumtishia Elizabeth aape hatamkubali Darcy. Nilikuwa nimejiandaa kumfafanulia bibi matabaka ya Uingereza, nikapoteza muda wangu. "Yuwasema si kufu yake." Basi, amemaliza, neno moja, kufu, yaani aliye sawa naye kwa hadhi. Na jibu la Elizabeth ndo tamu kwa Kiswahili kuliko hata kwa Kiingereza, kwa sababu anamjibu kwamba Darcy ni muungwana na yeye ni binti wa muungwana, wako sawa. Bibi alipiga goti lake. Hapa kwetu hilo neno lina uzito wake na lina doa lake pia, maana muungwana zamani maana yake ni yule ambaye si mtumwa, na kuna koo hapa mpaka leo zinaulizwa maswali wakienda kuposa. Bibi analijua hilo, hakulisema, mi pia sikulisema. Ila ndo maana nasema Lady Catherine ningeweza kumuonyesha nyumba yake hapa hapa Mkomani kama nisingeogopa kurogwa.

Lydia, mdogo wake Elizabeth, alipotoroka na askari mmoja bibi alinyamaza usiku mzima. Asubuhi wakati wa mahamri akauliza, "Aliwaza dada zake?" Nikasema hapana. Akasema, "Hawawazi."

Kuna mtu mmoja sijamtaja. Charlotte, shoga yake Elizabeth. Ana miaka 27, hana sura ya kusifiwa, hana pesa, na siku chache tu baada ya Elizabeth kumkataa Collins, Charlotte anamkubali. Anataka nyumba yake. Elizabeth anashtuka vibaya sana, hawezi kuamini, na ule ushoga wao unapoa. Mara ya kwanza nilivyosoma nilikuwa upande wa Elizabeth, nilimuona Charlotte kajiuza. Halafu baadaye Elizabeth anakwenda kumtembelea na anamkuta amepanga nyumba yake vizuri, amejichagulia chumba cha kukaa cha upande wa nyuma ambacho mume hakipendi sana, na anamhimiza mume ashughulike na bustani ili awe nje muda mrefu. Bibi alicheka hapo mpaka akajifuta macho. Alisema huyo ndo anayejua kuolewa.

Mimi sikucheka. Nina rafiki yangu tumekaa dawati moja shule ya msingi, tulikuwa tunaapa hatutaolewa na mtu tusiyempenda. Kwao walikuwa wanane vyumba viwili, nyumba ya kupanga. Akaolewa na mzee wa biashara ana wake wawili, akapewa nyumba yake Langoni, na mimi, mwenye ghorofa, nilimwambia neno kwenye harusi yake, sio kwa ubaya nilidhani, kwa uchungu. Sijakanyaga kwake miaka minne. Tunapishana njiani tunaulizana hali. Elizabeth angalau alifunga safari akaenda.

Nilimtumia mesej. Ilikaa tiki mbili siku tatu, halafu akajibu, "Kwani umepotea njia?" na emoji ya kucheka. Najua jibu la kumpa, bado sijalituma, nalifuta naandika tena.

Mwisho wa hadithi bibi hakuusikia. Pale Darcy anarudi mara ya pili wanatembea wawili njiani wanasemezana, mi nimeshusha sauti nasoma kwa madaha nikitafsiri palepale, nikasikia anakoroma. Nikafunga kitabu. Kumbe alikuwa ameshajua.

Asubuhi nashuka kwenda boti namkuta amekaa dakani, pale mlangoni, na bi jirani wanakunywa kahawa, na bibi anamwambia kwa furaha kabisa kwamba yule msichana ameolewa, alhamdulillah, amepata mume mwenye nyumba ya kuingia mji mzima, na yule bi mkubwa wa gari la farasi amekaa kimya.

Bi jirani akauliza, "Binti wa nani?"

"Wa Bennet."

Bi jirani akafikiri. "Hao wa mtaa gani?"

"Si wa hapa," bibi akasema, "baba yao hakuwajengea."